Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa: shaba iko na njia, mutu je?

Ukimuuliza mutoto wa masomo hapa Lubumbashi kama Kinshasa iko mbali ya kilometa ngapi, atachukua karte na regle, atapima, na atajibu vizuri: kupitia anga, ni karibu kilometa 1.550. Na kwa masaa? Ndege kubwa, Airbus ao Boeing, ikishafika juu inakimbia zaidi ya kilometa 800 kwa saa moja. Ukigawanya, unapata karibu masaa mawili. Ongeza dakika za kukimbia ku piste, za kupanda, za kushuka na za kungojea nafasi ku N'djili, njo unapata yale masaa mawili na robo ao mawili na nusu. Ndege ya helisi inaenda polepole kidogo. Ile inaweza kukaribia masaa matatu.

Kuna kitu kingine kinachochanganya watu. Saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Ukitoka Luano 10h00 na ukaruka masaa mawili na dakika 20, utashuka N'djili saa ya kule ikisema 11h20. Utafikiri uliruka kwa saa moja na dakika kidogo tu. Siku ya kurudi, unatoka kule 13h00 na unashuka Luano 16h20, na watu wa nyumba wanakuuliza: "Mulizungukia wapi?" Ndege haikuzungukia popote. Ni saa ya ukutani tu inayochukua na kurudisha.

Hesabu ya anga inaishia pale, na ni nyepesi. Lakini ni hesabu ya yule mwenye tiketi mu mukono. Sisi tunaona kama umbali wa Kinshasa unapimwa zaidi na njia ambazo mutu iko nazo za kufika kule, na kwa familia nyingi za migodi njia ni moja tu: ndege. Bei yake ni dola mia kadhaa, kisha kuna Go-Pass, kuna muzigo wenye kuzidi kilo, kuna taksi ya Luano na ile ya N'djili, kuna mahali pa kulala. Kwa wale wa Kolwezi, Fungurume ao Likasi wanaoshikia ndege Luano, barabara ya kufika Lubumbashi inakuja kwanza. Mushahara wa mwezi unaweza kuisha mbele ya kuona mto Congo.

Chini, njia iko wapi?

Ku karte barabara iko. RN1 inaanza Banana, ku bahari, inapita Matadi, Kinshasa, Kikwit, Tshikapa, Kananga na Mbuji-Mayi, inashuka mpaka Nguba, na kutoka pale inashika Likasi na Lubumbashi. Kati ya Kinshasa na hapa kwetu inapita kilometa 2.000. Lami iko ku miisho: upande wa Kinshasa mpaka Kikwit na mbele kidogo, na upande wetu kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Katikati kuna vipande virefu vya udongo na muchanga. Wakati wa kiangazi kamyo inapigana na muchanga wa Kasai. Wakati wa mvua inaweza kulala mu matope majuma mazima, dereva na musaidizi wake wanapika pale pale kando ya gurudumu, na muzigo unaoza nyuma.

Reli nayo? Watu wazima wa kambi za Gécamines na za SNCC wanajua ile njia iliyoitwa "voie nationale". Treni ilibeba shaba kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo, karibu kilometa 1.600. Pale Ilebo muzigo ulishushwa na kupakiwa mu mashua, ukafuata mto Kasai na mto Congo karibu kilometa 800 mpaka Kinshasa. Kinshasa ukapanda tena treni, kilometa 366 mpaka Matadi. Kupakia mara tatu, kushusha mara tatu. Reli ya Ilebo ilimalizika mu 1928, wakati Ilebo iliitwa Port-Francqui. Tangu ule mwaka mpaka leo, karibu miaka 100, hakuna treni hata moja iliyotoka Lubumbashi ikafika Kinshasa juu ya reli, sababu kati ya Ilebo na Kinshasa reli haikujengwa.

Na ile reli iliyobaki imechoka. Treni za abiria ni chache, basi watu wanapanda treni za mizigo, wanakaa juu ya mabehewa na mifuko yao. Mwezi wa 3 mwaka 2022, kule Buyofwe, upande wa Lubudi mu Lualaba, treni moja ya mizigo ilianguka mu bonde. Watu zaidi ya 60 walikufa. Wengi kati yao hawakuwa na tiketi, na kwa hiyo hata majina yao hayakuandikwa mahali. Wakati tunapima umbali kati ya miji ya inchi hii, ile bonde nayo ni sehemu ya kipimo.

Shaba inasafiri namna gani

Sasa tuangalie njia za shaba. Mu 1910 reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia, ilifika Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Mu 1931 reli yetu iliungana na ile ya Benguela, inayofika Lobito ku bahari ya Angola. Vita ya Angola ilikata njia hiyo tangu 1975, lakini Wachina waliijenga upya, na leo kampuni moja iko na ruhusa ya kuitumikisha kwa miaka 30. Mwezi wa 12 mwaka 2024, raïs wa Marekani wa wakati ule, Joe Biden, alifika yeye mwenyewe Angola juu ya ile njia ambayo wakubwa wanaita "korido ya Lobito".

Mwisho wa mwaka 2023, muzigo wa kwanza wa kujaribia, shaba ya Kamoa, ulitoka Kolwezi kwa treni na kufika Lobito kisha siku nane hivi. Siku nane! Wakati ule ule, mutu wa Kolwezi aliyetaka kufika Kinshasa bila ndege hakuweza kujua kama atatumia majuma mawili ao mwezi.

Upande mwingine, kamyo za shaba na kobalti zinatoka kila siku ku Kasumbalesa, zinashika njia ya Zambia mpaka Dar es Salaam, Durban, ao bandari zingine. Safari ni ndefu, foleni za mupakani zinajulikana, lakini kamyo zinafika. Shaba iko na mashariki, iko na kusini, na sasa imepata tena mangaribi.

Hata umbali wenyewe unatupa fundisho. Pima ku karte: kutoka Lubumbashi mpaka Dar es Salaam, kupitia anga, ni karibu kilometa 1.400. Dar es Salaam iko karibu yetu kuliko Kinshasa! Johannesburg iko ku kilometa 1.600 hivi, karibu sawa na Kinshasa. Lusaka haifike hata kilometa 450, na Ndola iko ku 200 tu. Njo maana familia nyingi za hapa, wakati mugonjwa anahitaji munganga ambaye hatuna, wanafikiria Zambia ao Afrika ya Kusini mbele ya kufikiria Kinshasa. Mutu anaonyesha paspoti, anavuka mupaka, na anafika mapema kuliko yule anayebaki ndani ya inchi yake.

Juu ya nini ilikuwa hivi? Wabelgiji walijenga reli mbele ya yote juu ya kuondosha madini. Reli ilifuata shaba, na shaba ilitafuta bahari. Kisha uhuru, Leta ilikuwa na miaka zaidi ya 60 ya kuunganisha inchi, lakini vita, deni, na feza yenye kutumiwa vibaya vilikula barabara kidogo kidogo. Kule juu, mambo yaliendelea. Mu 1925 rubani Mubelgiji Edmond Thieffry alitumia siku 51 kutoka Brussels mpaka Kinshasa. Leo ndege inatumia karibu masaa manane. Anga limefupishwa kwa miaka 100. Udongo wa Kasai haujafupishwa.

Umbali unaingia mu sahani

Wengine watasema: "Sisi ni watu wa mugodi, Kinshasa tunaitafuta ya nini?" Ni ulizo la haki, na jibu liko mezani. Bukari tunayokula hapa inategemea sana mahindi na bunga ya Zambia. Mwaka ambao Zambia inakosa mvua, kama 2024, ao inafunga mupaka juu ya kulisha watu wake, bei ya mufuko wa bunga inapanda Kenya, Katuba, Kasumbalesa na mu makambi yote. Lakini mahindi yanakubali vizuri kule Kaniama, Kamina, Mwene-Ditu, ndani ya inchi yetu, ku njia ile ile ya kwenda Kinshasa. Mulimaji wa kule anakosa munai wa kununua, na mama wa hapa anakosa bunga. Kati yao hakuna vita wala mupaka. Kuna barabara mbaya na treni chache, basi.

Ndege haitaweza kutengeneza jambo hilo. Hakuna mutu anayebeba mahindi mu Airbus akatafuta faida.

Kuna pia makaratasi. Mamlaka za juu za kazi yetu ziko Kinshasa: wizara ya Madini, kadastre ya madini inayotoa ruhusa za kuchimba, mahakama za juu kabisa, na wakubwa wa mashirika mengi ya Leta. Wachimbaji wa mukono wanaotaka eneo lao litambuliwe, mustaafu ambaye dosye yake imepanda kule juu, mujane anayefuata haki za bwana yake: siku moja wanaweza kuambiwa "ile inatoka Kinshasa". Kampuni kubwa inatuma avoka wake asubui na anarudi mangaribi. Koperative ya wachimbaji inachangisha feza miezi mizima juu ya kutuma mutu mumoja, na akikuta mukubwa hayuko ku biro, anarudi mikono mitupu. Sheria ni moja kwa wote wawili, lakini umbali haulingane, na mara nyingi kesi inaamuliwa na ule umbali mbele ya mwamuzi kufungua kinywa.

Na kuna kilio. Ndugu akifa Kinshasa, familia ya hapa inakaa kuhesabu: nani aende? Mutu mumoja anachaguliwa, wengine wanalilia hapa. Wale wa Kinshasa wanasema, "Watu wa Katanga hawakuja." Tumesikia maneno ya namna hiyo yakigawanya jamaa. Inchi nayo inagawanyika vile vile, polepole, kwa watu wasiotembeleana.

Ndege zaidi zitatosha?

Serikali inasema inataka kurudisha ndege za ndani. Congo Airways ilianza kuruka mwaka 2015 na tumaini kubwa, kisha ikasumbuliwa na kukosa ndege. Mwezi wa 12 mwaka 2024 Air Congo mpya ilianza, Leta ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines asilimia 49. Ni jambo jema. Ndege zikiwa nyingi na mashirika yakishindana, bei inaweza kushuka na mutu hatalala tena Luano akingojea ndege iliyoahirishwa.

Lakini watu wa umri wanakumbuka Air Zaïre, iliyokuwa fahari ya inchi na ikaanguka mu 1995. Wanajua pia kama tangu 2006 Ulaya imekataza mashirika ya ndege ya inchi yetu yasiruke kule, sababu haiamini namna Leta inavyoyachunga. Ndege inatupa masaa mawili na nusu siku ambayo inaruka. Siku ambayo hairuke, mutu asiye na barabara wala reli hana masaa mawili wala siku mbili. Hana kitu. Inchi kubwa kama hii haiwezi kutundikwa juu ya uzi mumoja, hata kama ule uzi ni muzuri.

Tunaona njia tatu za kufupisha umbali huo, na zote tatu ziko na feza ambayo inatoka chini ya miguu ya wasomaji wetu.

Ya kwanza ni barabara. Mukataba wa Sicomines kati ya inchi yetu na Wachina ulirekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2024. Unasema miliari 7 ya dola itaenda ku majengo ya inchi, zaidi ku barabara, karibu milioni 324 kila mwaka, mradi bei ya shaba ibaki juu. Kati ya barabara zinazotajwa iko ile ya Mbuji-Mayi mpaka Nguba. Muelewe vizuri maana yake: ni shaba ya Kolwezi inayolipa. Kama bei ya shaba inaanguka, kazi inapungua. Kwa hiyo sasa, wakati bei iko juu, njo saa ya kuuliza kila mwaka: kilometa ngapi zimefanywa mwaka huu, na kwa feza gani? Wakubwa wasingojee tuulize wakati bei imeshaanguka.

Ya pili ni reli. Feza na macho ya dunia viko sasa ku upande wa Lobito, na hatukatae: njia fupi ya bahari inaweza kuleta kazi. Lakini reli ile ile, hapo Tenke, inagawanyika. Mukono mumoja unaenda Kolwezi, Dilolo na Lobito. Mwingine unaenda Kamina, Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo. Ule wa kwanza unaitwa korido na unatembelewa na maraïs. Ule wa pili ni wetu, wa mahindi na wa ndugu, na unaachwa uote majani. Kila wakati serikali inapotia sahihi juu ya mukono wa kwanza, ingefaa wabunge wetu waulize kitu gani kinarudi ku mukono wa pili.

Ya tatu haihitaji kilometa hata moja: ni kuleta maamuzi karibu. Code ya madini ya 2018 ilifanya hatua moja kubwa. Ile kodi wanaita redevance inagawanywa: asilimia 50 ku serikali kuu, 25 ku jimbo, 15 ku muji, sekta ao usultani wenye mugodi, na 10 ku mfuko wa vizazi vitakavyokuja. Sheria inataka zile 25 na zile 15 zilipwe kwao moja kwa moja, zisipande kwanza Kinshasa na kungojewa kurudi. Kabla ya pale feza ilifanya safari ambayo tunaijua: kwenda ni rahisi, kurudi ni mashaka. Kama feza iliweza kufupishiwa njia, juu ya nini dosye ya mujane isiweze? Biro yenye uwezo wa kuamua, Lubumbashi na Kolwezi, ingeokoa watu wengi tiketi ya ndege. Karatasi ni nyepesi kuliko mutu. Karatasi njo inapaswa kusafiri.

Hapa tuseme na sisi wenyewe pia. Zile 25 na 15 ziko karibu, tunaweza kuzifikia kwa miguu ao kwa basi. Ni mikutano mingapi ya sekta ambayo delege wa sendika, wamama wa soko na wakubwa wa koperative walikaa na kuuliza zimefanya nini? Ni vigumu kumulaumu mukubwa wa Kinshasa ambaye hatumuone, tukimuacha bila ulizo mukubwa wa hapa ambaye tunasalimiana naye kila siku. Umbali mwingine hauna kilometa.

Kwa leo hesabu inabaki hivi. Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa, ndege: masaa mawili na robo ao mawili na nusu, kwa mwenye feza. Barabara: majuma, kwa mwenye moyo na asiyejali mvua. Treni na mashua: siku ambazo hakuna mutu anayeweza kuahidi. Shaba, kutoka Kolwezi mpaka bahari: siku nane. Inchi ambayo jiwe lake linafika ku bahari mbele ya mutu wake kufika ku muji mukuu, ile inchi iko na deni kwa yule mutu. Na yule mutu, akiwa mu mugodi, ao ku soko, ao ku mukutano wa sendika, asichoke kuuliza ni lini litalipwa.